Kabla ya Safari ya Sikonge, Pikipiki Ikae Sawa na Mwili Wako

Pikipiki nyingi tunazonunua hapa Tabora mjini hufika dukani zikiwa ndani ya boksi. Kijana wa duka anafunga usukani, anafunga saiti mira, anatia mafuta kidogo, anakukabidhi ufunguo. Usukani ule ameufunga kwa kukadiria tu, tena akiwa amesimama, na wateja wengine wanamsubiri. Hakukupima wewe. Ndiyo maana ukizunguka Isevya na Kanyenye huoni shida, lakini siku ukienda Sikonge, kilomita kama 70, unashuka umeshika kiuno na kusema baridi imekuingia mgongoni.

Mimi ni mfupi, futi 5 na inchi 2. Pikipiki natumia moja na shemeji yangu ambaye anagusa futi 6, kwa hiyo haya mambo nimeyajua kwa kulazimika. Nilichojifunza kikubwa ni mpangilio: unaanza chini kwenye siti na shokapu, unakuja miguu, halafu mikono, saiti mira mwisho kabisa. Ukianza na usukani kisha ukabadilisha urefu wa siti, kazi yote ya usukani inakuwa bure.

Kabla hata ya kushika spana, vaa viatu utakavyosafiri navyo. Huu si utani. Shemeji aliseti gia akiwa na kandambili jioni uani, asubuhi akavaa gambuti, na ncha ya gambuti haikupita tena chini ya pedeli ya gia. Alifika Ipuli bado yuko namba mbili.

Sasa kaa kwenye siti, pikipiki ikiwa imeshuka kwenye stendi, mtu akushikilie kwa nyuma. Miguu inagusaje? Mguu mmoja ukikanyaga wote na mwingine ukagusa kwa vidole, inatosha. Kama unaning'inia, usikimbilie kukata sponji. Angalia kwanza shokapu za nyuma: chini ya springi kuna kikombe chenye meno, nyingi zina ngazi tano. Ngazi ya chini ni laini, na ukikaa pikipiki inazama zaidi. Ngazi za juu ni za mzigo. Zungusha kwa kile kispana chenye ndoano, na hakikisha kulia na kushoto ni ngazi ileile, la sivyo itakuwa inavuta upande. Kipimo changu ni rahisi: nikikaa peke yangu, shokapu izame kama robo ya mwendo wake, yaani umbali wote inaoweza kuzama, au zaidi kidogo, isifike theluthi. Ikigoma kabisa kuzama, kila shimo utalipokea kwa uti wa mgongo.

Ukienda kwa fundi siti, mwambie apunguze upana wa mbele kabla ya kupunguza unene. Paja linapopita kwenye siti pana, mguu unatanuka nje na kushindwa kufika chini. Mimi nilipunguziwa pembeni tu, vidole viwili kila upande, na kisigino kikashuka. Aliyekata sponji ya kukalia mpaka ikawa kama mkate wa jana atakusimulia mwenyewe akirudi. Mrefu naye ana yake: magoti yakikunjika mno aongeze sponji, asihangaike na usukani kwanza.

Kwenye miguu, breki ya nyuma ndiyo ya kuangaliwa. Weka unyayo kwenye kikanyagio kama unavyokaa safarini. Pedeli ya breki iwe chini kidogo ya kiatu, ili usiikanyage bila kujua lakini usilazimike kuinua mguu wote kuitafuta. Ina boliti ya kuzuia, hiyo ndiyo inapandisha na kushusha. Ukishaigusa, rudi nyuma kwenye nati ya breki ya tairi uweke ule mchezo, yaani nafasi ya pedeli kushuka kabla breki haijaanza kushika, wa milimita 20 hadi 30 kwenye ncha ya pedeli, halafu mtu akutazamie kama taa ya breki inawaka unapokanyaga na kuzima unapoachia. Na ujue kila unapokaza cheni, tairi inarudi nyuma na breki hiyo inakaza yenyewe. Pedeli ya gia imekaa kwenye meno: ondoa boliti yake yote, maana inapita kwenye mfereji wa shafti, vuta pedeli, sogeza jino moja, rudisha. Jino moja tu ni tofauti kubwa.

Mikono ndiyo iliyonitesa. Karibu mwaka mzima vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vinakufa ganzi nikifika nusu ya njia, nami nikawa mteja wa dawa za maumivu. Kumbe mkono wa klachi ulikuwa umefungwa ukitazama juu, kwa hiyo kila nikiushika kifundo kinapinda. Kaa, nyoosha mkono kawaida, kiwiko kikiwa kimekunjika kidogo, kisha nyoosha vidole. Vinatakiwa viangukie juu ya mkono wa klachi huku mgongo wa kiganja na mkono wako vikiwa mstari mmoja. Legeza boliti ya kishikio kinachobana mkono wa klachi kwenye usukani, zungusha, kaza kiasi. Nasema kiasi kwa sababu pikipiki ikianguka, ni nafuu kishikio kizunguke kuliko kivunjike. Klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha.

Usukani wenyewe unashikwa na boliti, kwa kawaida nne. Kabla hujazilegeza, weka alama ya rangi ya kucha pale usukani unapoingia kwenye kibano. Yetu ina alama mbili, nyekundu yangu na nyeupe ya shemeji, na dada yangu bado analalamika kuhusu hizo chupa. Uvute usukani nyuma kidogo kama unajikunja kuufikia, lakini usizidishe.

Nikwambie kwa nini. Fundi mmoja alinivutia usukani mpaka nikafurahi, nikalipa. Nilipokata kona kugeuza mbele ya duka la jirani, pikipiki ikanguruma na kunirusha mbele peke yake. Waya wa mafuta ulikuwa umevutika, usukani ukigeuka kushoto waya unafungua mafuta. Niliingia kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma cha mama mmoja, ashukuriwe Mungu mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Tangu siku hiyo, kila nikigusa usukani naweka gia huru, nawasha injini, nageuza mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto. Mlio ukibadilika, siondoki. Pia naangalia vidole visibanwe kati ya usukani na tanki.

Saiti mira mara nyingi imefungwa kwenye kishikio kilekile cha klachi na breki, ndiyo sababu inasubiri mwisho. Ukiwa umekaa na helmeti kichwani, uone ukingo wa kiwiko chako na barabara nyuma yake. Ukiona bega lako zima, umejipamba tu.

Ukimaliza, zunguka kilomita tano, rudi, kaza tena boliti zote ulizogusa. Beba spana namba 10, 12 na 14. Ukipita Sikonge kuelekea Ipole, ukasimama porini kurekebisha kitu, mbung'o hawatakuacha ufanye kazi kwa utulivu.

Kama safari ni ya kurina asali, kumbuka kurudi si sawa na kwenda. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, likijaa asali linakaribia 28, na wengi wanarudi na mawili. Pandisha shokapu ngazi mbili kabla ya kufunga mzigo, kwa sababu baada ya kufunga, kispana hakipiti. Usipofanya hivyo nyuma inazama, usukani unakuwa mwepesi kwenye mchanga, na taa inatazama juu ya miti. Ukiona madereva wa malori wanakuwashia taa zao njia nzima, simama ushushe taa yako. Kesho yake, mkishagawana asali, irudishe shokapu chini.