Ubao wa kupangia viraka vya mfarishi

Mfarishi wa viraka ukipangwa sakafuni hudanganya macho. Miraba iliyo miguuni pako huonekana mikubwa, ya mbali huonekana kubanana, na mtoto akipita mara moja tu kazi ya asubuhi nzima imevurugika. Ubao uliosimama, uliovikwa kitambaa chenye manyoya, hushika viraka bila pini, nawe unaweza kurudi nyuma hatua nne ukaona rangi zinavyopatana.

Vipimo hapa ni sentimita 180 kwa 210. Unatosha miraba mitano kwa sita ya sentimita 30. Usitengeneze ubao wa 150 kwa 180 kwa hesabu ya mfarishi uliokwisha: mraba ambao haujaunganishwa bado una nafasi ya mshono ya milimita 6 kila upande, kwa hiyo yote pamoja inakula 156 kwa 187.

Nunua mbao nne za inchi 2 kwa 1, futi 12, plaiwudi mbili za milimita 3, misumari ya inchi 1, gundi ya mbao, na mita 5 za flaneli yenye upana wa sentimita 110, ile laini ya nguo za vichanga. Chagua nyeupe au kijivu isiyo na maua, maana ubao wenye rangi huharibu rangi za viraka. Nenda dukani na kipande cha kanga, ukibandike kwenye jora lililoning'inia. Kikianguka, tafuta jora jingine.

1. Mbao ziwe kavu. Mbao mbichi hupinda baada ya wiki chache na ubao mzima hukaa kombo.

2. Ubao mmoja kati ya zile mbao nne utoe vipande viwili vya sentimita 180, juu na chini. Zilizobaki zitoe nguzo tatu: 210 ukitoa upana wa mbao mbili. Pima upana wenyewe, kwani inchi 2 ya dukani mara nyingi haitimii. Mabaki yatoe vishikizo viwili vya kukaa kati ya nguzo. Panga vipande vyote viwe fremu.

3. Kata kila plaiwudi 90 kwa 210. Paka gundi, laza juu ya fremu, maungio yaangukie nguzo ya kati. Kabla ya kupiga misumari pima kona kwa kona: pande zote mbili ziwe sentimita 276.6. Zikitofautiana, sukuma ile kona ndefu. Kisha piga msumari kila sentimita 15.

4. Fua flaneli kwa maji moto, kausha, piga pasi. Ina wanga wa kiwandani unaolaza manyoya, tena husinyaa. Kata vipande viwili vya 230, viunganishe, fungua mshono kwa pasi.

5. Mshono ukae juu ya maungio ya plaiwudi. Kunja kingo nyuma na kubana kwa stepla, ukianza katikati ya juu, katikati ya chini, kisha pembeni, ukiishia konani. Usivute sana: nyuzi zikipinda, miraba iliyo sawa itaonekana imeenda upande. Tumia pini za stepla zisizoshika kutu. Hewa ya bahari ya Tanga hutia kutu pini za kawaida upesi, na doa la kutu halitoki.

Kwenye nyumba za mawe ya matumbawe weka vibao vya sentimita 3 nyuma ya ubao, ukuta usiupe unyevu, na chini uinue kwa tofali mchwa wasipande. Dirisha liwe ubavuni. Jua la moja kwa moja huchujua vitenge.

Kitenge kipya huteleza. Kifue kwanza. Miraba mizito, hasa yenye pindo la kanga lililokunjwa mara mbili, huhitaji pini moja kila kona ya juu. Pangaboi lizimwe wakati wa kupanga, na siku za kusi funga dirisha la upande wa upepo.

Flaneli ikianza kuachia, isugue kwa brashi ya nguo kutoka chini kwenda juu: nyuzi zilizonasa zitatoka na manyoya yatasimama tena.