Kuainisha kisukuku: usikimbilie jina la spishi

Juzi kijana mpya kwenye timu alinijia mbio na jino mkononi: "Kaka, tumempata binadamu!" Lilikuwa gego la nguruwe. Sikumcheka, maana mimi nilishapoteza siku nzima kwa kosa hilohilo.

1. Kabla ya kukitoa, piga picha, pima kilipo, andika tabaka la udongo kilimokutwa. Basi.

2. Safisha kwa brashi laini na kijiti cha mwanzi. Sindano ya chuma siitaki mezani kwangu: mikwaruzo yake kesho mtu ataisoma kama alama za kisu cha jiwe. Kikimeguka, tumia Paraloid B-72, gundi ya plastiki, iliyoyeyushwa kwa asetoni, kwa sababu unaweza kuiondoa baadaye. Gundi ya mbao, hapana.

3. Mfupa au jiwe? Tazama palipovunjika kwa lenzi. Mfupa una ganda gumu nje na vitundu ndani.

4. Tambua ni sehemu gani ya mwili, upande upi.

5. Mnyama gani? Hapa kaa chini. Meno ndiyo husema zaidi. Ya swala na ng'ombe ni marefu, na sehemu ya kutafunia ina mikunjo ya mwezi mwandamo. La tembo ni mabamba yaliyopangana. Tabu ni nguruwe, dubu na binadamu: wote wanakula kila kitu, na magego yao yana vinundu vya mviringo. Likiwa zima, la nguruwe hujitambulisha kwa vinundu vidogo vilivyojazana kati ya vikubwa, na gego la mwisho limerefuka kwa nyuma. Likisagika, alama hizo hufutika. Mwaka 1922 Henry Fairfield Osborn, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, alitangaza jino lililosagika kutoka Nebraska kuwa la jamii ya sokwe, akaliita Hesperopithecus. Kufikia 1927 ilikubalika kuwa ni la pekari, mnyama anayefanana na nguruwe. Kwa hiyo linganisha na mafuvu halisi, uligeuze jino pande zote, utazame na mizizi. Picha za kitabuni hazitoshi.

6. Andika jina, ukome pale ushahidi unapokoma. Familia tu inatosha. Ukiona linafanana na spishi fulani lakini huna hakika, tanguliza "cf.", yaani "linganisha na". Lisilotambulika ni "indet.", wala si aibu.

Kwenye mfuko wa yule kijana tulikata "binadamu", tukaandika: Suidae (familia ya nguruwe), gego la chini, kushoto.