Kumwinda funo wa Rwenzori kwa kamera

Bunduki, mbwa na tanzi haviruhusiwi katika milima ya Rwenzori, Uganda, hifadhi ya taifa tangu 1991. Kamera ruksa, mradi umelipa ada ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA) na una mwongozaji. Funo wa milima hii, swala mdogo ambaye hapatikani kwingine, ana rangi ya kahawia nyekundu na ni mwoga kupindukia: akikusikia, huinamisha kichwa na kuzama kichakani kabla hujainua mkono.

Panga safari Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari. Hiyo ndiyo miezi mikavu, ila kwa Rwenzori ukavu maana yake ni kunyeshewa kidogo.

Tenga siku tano kutoka Nyakalengija, nje ya Kasese. Siku ya kwanza lala kibanda cha Nyabitaba, kama mita 2,650 juu ya usawa wa bahari. Ya pili, kibanda cha John Matte, mita 3,400 na ushee. Hapo lala usiku mwingine, maana umepanda mita 800 hivi kwa siku moja na mwili unahitaji kuzoea. Siku hiyo ya kukaa ndiyo ya kuwinda. Anayetaka pia kufika kilele cha Margherita apange safari nyingine. Mbio za kileleni na kuvizia mnyama haviendi pamoja.

Viatu ni gambuti, zinazozidi namba yako kwa moja ili soksi mbili ziingie. Mvua ikinyesha, suruali ya mvua ipite juu ya gambuti, la sivyo maji yatashuka mguuni na kujaa ndani. Koti la plastiki linakwaruza kila ukijigusa. Ukishakaa mavizioni, vaa sweta la sufu juu yake.

Tafuta vijia vyembamba na vinyesi vidogo vyeusi kando ya matope, chini ya miti yenye ndevu za kijivu. Kinyesi kinachong'aa ni kibichi. Alfajiri hewa baridi hushuka bondeni, kwa hiyo kaa chini ya kijia, funo asinuse harufu yako. Jua likipasha mteremko upepo hugeuka, nawe uhamie juu. Dondosha majivu kidogo uone yanaelekea wapi. Kisha tulia saa mbili, bila sigara wala gumzo.

Msituni mwanga ni hafifu: anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600 na kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde, lenzi ya milimita 200 au 300. Flashi zima. Betri za akiba ziweke mfuko wa ndani, baridi huzimaliza.

Kinachoharibu kamera nyingi si mvua, ni kibanda cha kulala. Ukiiingiza ikiwa baridi kwenye chumba chenye moto na nguo zinazokauka, mvuke hugeuka matone kwenye lenzi, hata ndani yake. Ukiwa bado nje, ifunge ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, toa hewa, kaza fundo, na usifungue kwa saa nzima.

Ukikuta tanzi la waya, usiling'oe, mwonyeshe mwongozaji.

Kichwa kikiuma, huenda ni ugonjwa wa mwinuko: usipande zaidi siku hiyo. Mwenzako akianza kupepesuka au kuongea ovyo, mshusheni papo hapo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.