Mshike mkono kabla hajainuka kitandani

Mzazi mwenzangu wa Malindi, kama kijana wako anacheza karate au taekwondo, wiki za kuelekea mashindano mpime mapigo ya moyo kila asubuhi angali kitandani. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2, andika daftarini. Yakizidi kawaida yake kwa kama 10 siku mbili tatu mfululizo, mpumzishe. Uchovu wa mazoezi na hofu ya kushindwa, vyote hujitokeza hapo.

Mwanangu wa miaka 13 alikuwa akiniambia "niko sawa" huku mahamri yakipoa sahanini. Daftari ndilo lililonishtua. Nikamwuliza taratibu, machozi yakamtoka: anaogopa kumwaibisha mwalimu wake.

Na tafadhali, usikubali akimbizwe juani na koti la nailoni eti apunguze kilo. Joto letu hili la kaskazi! Mwaka 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vya Marekani walifariki wakijikausha maji namna hiyo. Mpandishe daraja la uzito, apigane ameshiba na amelala.