Vigingi na Vibao vya Uwanja wa Gofu: Mwongozo wa Fundi wa Mabango

Mimi ni fundi wa mabango Mombasa. Nilikuwa nikiandika majina ya maduka, zahanati na maboti mpaka klabu moja ya gofu ya huku Pwani iliponiita. Sichezi gofu, na kazi ile ya kwanza niliifanya kama kazi ya duka: herufi za kunakshi, nguzo nyeupe zinazong'aa. Kwenye mashindano yaliyofuata, mchezaji mmoja akaona nguzo yangu nyeupe kando ya feawei (njia ya nyasi fupi inayochezewa), akadhani mpira wake umetoka nje ya mpaka. Akarudi nyuma, akapiga mpira mwingine na kujitwika mkwaju wa adhabu, yaani pigo moja la ziada kwenye hesabu yake. Mpira wa kwanza ulikuwa mzima kwenye nyasi, lakini akishapiga wa pili ule haukuhesabika tena. Kumbe nguzo yangu ilikuwa ya kuonyesha umbali wa yadi 150 tu. Kesho yake niliitwa, na sikuitwa kupongezwa.

Duka likiandikwa vibaya, mteja atauliza mlangoni. Kwenye gofu rangi yenyewe ndiyo sheria, na mchezaji yuko peke yake na kijiti chako. Basi hivi ndivyo ninavyofanya sasa.

Hatua ya 1: Tembea uwanja kabla ya kununua rangi

Nenda na watu wawili: kedi (mbeba fimbo za wachezaji) wa siku nyingi na dereva wa mashine ya kukata nyasi. Kedi anajua mahali ambapo wachezaji hubishana kila Jumamosi. Dereva anajua kigingi kipi kitagongwa. Mimi hubeba daftari, na kila shimo, yaani sehemu nzima tangu pa kuanzia hadi kikombe cha kutumbukizia mpira, ninalipatia ukurasa wake. Mashimo 18, kurasa 18.

Halafu kaa na kamati ya klabu na uulize: mipaka iko wapi hasa, mnahesabu kwa yadi au kwa mita, na umbali unapimwa mpaka mwanzo wa grini (nyasi laini zinazozunguka kikombe) au mpaka katikati yake? Majibu yawe kwa maandishi na yatiwe sahihi. Si kazi ya fundi kuamua bwawa lipewe rangi gani, hata ukiombwa "weka tu unavyoona."

Hatua ya 2: Jua kila rangi inamfanya mchezaji afanye nini

Kanuni za gofu zilibadilishwa mwaka 2019, na viwanja kadhaa nilivyofika bado vina vibao vya maneno ya zamani. Ukiambiwa unakili kibao kilichopo, kisome kwanza.

Nyeupe ni mpaka wa uwanja. Mpira ukitoka wote nje, mchezaji anaongeza mkwaju mmoja na kurudi alikopigia. Mstari wa mpaka unahesabiwa kwenye upande wa kigingi unaotazama uwanja, pale kinapogusa ardhi. Ndiyo maana kigingi cheupe kilicholala upande si suala la urembo: juu kinaonyesha kitu kimoja na chini kingine, na watu wazima wawili watapiga magoti hapo wakifunga kamba.

Nyekundu na njano ni maeneo ya adhabu, yaani mabwawa, mito, mitaro, na siku hizi hata kichaka kizito kamati ikitaka. Hapa hesabu inageuka. Mstari uko upande wa nje wa kigingi, kwa hiyo kigingi chenyewe kimo ndani ya eneo, na mpira ukigusa eneo hilo hata kidogo, umo. Tofauti ya rangi hizi mbili ni kubwa mfukoni mwa mchezaji. Kwenye nyekundu, kwa mkwaju mmoja wa adhabu, anaweza kudondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka mahali mpira ulipovukia. Kwenye njano nafasi hiyo hana. Atarudi alikopigia, au atarudi nyuma kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye shimo. Njano huwekwa pale kamati inapotaka maji yavukwe kwa mkwaju, kwa kawaida mbele ya grini. Eneo likisahauliwa rangi, linahesabiwa jekundu.

Buluu hutumika sana kwa ardhi inayotengenezwa. Kijani kwenye ncha ya kigingi ni eneo lisilochezewa kabisa, kama kitalu cha miche.

Kuna wanaume wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, na uwanja mzima ni kijani. Kwa hiyo kigingi chekundu nakivisha pete nyeupe ya sentimita tano karibu na ncha. Niliiomba kamati ruhusa, wakakubali mara moja, kwani mmoja wao alikuwa na macho hayo hayo.

Hatua ya 3: Tengeneza vigingi

Chuma usitumie. Kinaota kutu kwa chumvi ya bahari, kinavunja visu vya mashine, na usiku kinahamia kwa wanunuzi wa skrepa. Mbao laini zinaliwa na mchwa. Mvule unadumu lakini bei yake ni ya fanicha. Mimi natumia nguzo za plastiki iliyorejelewa, zile zinazouzwa kwa ajili ya ua, za inchi mbili. Mchwa haziwezi na mwizi hazitaki.

Kata urefu wa mita 1.2, sentimita 45 za kwenda chini na 75 za kubaki juu. Ncha ikate mshazari ili maji yasitulie. Plastiki haishiki rangi kirahisi, hapo ndipo wengi huharibu. Isugue kwa msasa mpaka ipoteze mng'ao, ifute kwa tina, paka praima ya plastiki, iache ikauke, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta ya nje. Nyekundu ipe mikono mitatu. Jua letu linaila nyekundu kuliko rangi nyingine. Seti yangu ya kwanza iligeuka waridi kabla mwaka haujaisha, na wachezaji wakaanza kuuliza waridi ni adhabu gani.

Kuchomeka: vigingi vyekundu na vya njano mchezaji anaruhusiwa kuving'oa vikimzuia kupiga, na dereva wa mashine naye atavitoa kila anapokata nyasi. Tatizo ni kuvirudisha palepale. Kwa hiyo zika kipande cha bomba la plastiki la sentimita 45 ambalo kigingi kinaingia bila kutikisika. Mdomo wa bomba uwe sawa na udongo, chini weka kokoto za kupitisha maji, na pembeni zungushia zege kidogo. Kigingi kinatoka, mashine inapita juu, kigingi kinarudi tundu lile lile.

Vigingi vyeupe ni kinyume. Mchezaji haruhusiwi kuving'oa, hata kikiwa kinamgonga kiwiko. Hivyo vimwagie zege moja kwa moja, ukilifunika kwa udongo lisionekane. Nyasi za kando yake zitakatwa kwa mkono.

Umbali kati ya kigingi na kigingi usiupime kwa hatua tu. Chuchumaa kwenye kimoja, macho yafike usawa wa nyasi; usipoona chini ya kinachofuata, ongeza kingine katikati. Penye tambarare hatua 25 zinatosha. Penye mwinuko nimewahi kuweka kila hatua kumi.

Hatua ya 4: Alama za umbali

Desturi ya viwanja vingi ni nyekundu kwa yadi 100, nyeupe kwa 150 na buluu kwa 200. Mnaona mtego: rangi zile zile za vigingi vya sheria. Ndiyo nguzo iliyoniponza. Sasa nguzo ya yadi 150 naipiga pete mbili nyeusi nene, na kwa kamati inayonisikiliza nazika sahani za duara feawei badala ya nguzo, maana hakuna atakayeidhania sahani kuwa mpaka.

Kupima, tumia kipimo cha leza, wala si programu ya simu peke yake. Simama katikati ya grini, au mwanzo wake kama kamati ilivyosema, mwenzako arudi nyuma na kibao cheupe mpaka usome namba. Klabu ikihesabu kwa yadi na leza yako ni ya mita: yadi 100 ni mita 91.4, yadi 150 ni mita 137.2, na 200 ni mita 182.9. Shimo likipinda, pima kufuata njia ya mchezo, si kukata kona juu ya miti.

Sahani iwe kipenyo cha sentimita 20, ikae sentimita moja chini ya usawa wa nyasi ili kisu kisiiguse. Kule bara kwenye nyasi za kikuyu, ongeza mkanda wa zege wa upana wa kiganja kuizunguka. Nyasi hizo hutambaa kama deni. Nimeshachimba kutafuta sahani niliyoizika mwenyewe miezi minne nyuma.

Hatua ya 5: Alama za tii

Tii ni mahali pa kuanzia kila shimo. Alama zake ni zile mbili za rangi ambazo mchezaji huanzia katikati yake. Eneo la kuanzia lina kina cha urefu wa fimbo mbili kurudi nyuma, na mbele yake ni usawa wa alama zenyewe. Alama huhamishwa kila siku nyasi zipumue, kwa hiyo ziwe nyepesi kubeba na nzito kwa upepo.

Dukani zinauzwa za kutoka nje kwa bei ya kushangaza. Mimi namwaga kwenye vifuu vya nazi. Chukua kifuu kilichopasuliwa nusu sawasawa, kipake ndani oili chafu, jaza saruji na mchanga, moja kwa mbili. Ikianza kushika, simamisha katikati msumari wa inchi sita, kichwa kikiwa ndani na ncha nje. Funika kwa gunia bichi. Kesho yake gonga kifuu kwa nyundo ndogo. Kitaachia, na utabaki na kuba laini la karibu kilo moja, na mwiba wa kuchomeka ardhini. Paka rangi ya tii. Yakivunjika mawili, unamwaga mengine mawili kabla ya chai.

Usiyachanganye na alama ya kudumu, ile inayozikwa kwenye tii kuonyesha umbali wa shimo ulikopimwa. Hiyo haihamishwi na mtu, na handikapu za watu, yaani vipimo vya uwezo wao, zinaitegemea.

Hatua ya 6: Kibao cha shimo

Mchezaji hufika akitaka mambo manne: namba ya shimo, pari (idadi ya mikwaju inayotarajiwa), umbali kutoka kila tii, na picha ya kilicho mbele asichokiona. Nembo ya mdhamini ikae chini, na isizidi namba ya shimo. Nimegombana na wadhamini kwa hili, na wengine wameshinda.

Kwa herufi, kila mita tatu za umbali wa msomaji zinahitaji takriban sentimita 2.5 za kimo. Kibao kinachosomwa mita tatu mbali basi maandishi yake yasiwe chini ya hapo, na namba ya shimo iwe sentimita kumi au zaidi. Nyeupe juu ya kijani kilichokolea husomeka vizuri. Nyekundu juu ya kijani usithubutu. Kipimo changu ni simu: piga picha ya mchoro, igeuze nyeusi na nyeupe, herufi zikififia, badilisha rangi.

Bati la Alucobond (alumini yenye plastiki katikati) linafaa, lenye vinili ya daraja la magari na si ile ya bei rahisi ya madirishani. Pwani skrubu ziwe za chuma kisichoota kutu, la sivyo kila skrubu italia machozi ya kahawia juu ya kazi yako.

Pembeni ya kibao cha shimo la kwanza na la kumi naandika ishara za king'ora: mlio mmoja mrefu, acha kucheza papo hapo, milio mitatu, mchezo umesimama, miwili mifupi, endeleeni. Kwa viwanja vya Kericho na ukanda wa magharibi wenye radi nyingi, kibao hiki nakitengeneza kabla ya vingine vyote.

Hatua ya 7: Vibao vya njia na vya hatari

Mishale ya kwenda tii inayofuata haihitaji maelezo. Vya hatari ndivyo husahauliwa lugha. Viwanja vyetu vingi vimekatwa na njia za miguu, na anayepita hapo saa kumi na mbili asubuhi ni mama wa samaki na mtoto wa shule, wala si mwanachama. Kibao cha Kiingereza kitupu hakimsaidii. Naandika "HATARI! MIPIRA YA GOFU INARUKA. TAZAMA KULIA KABLA YA KUVUKA", na mshale unaoonyesha mipira inatokea wapi. Kulia au kushoto ihakikishe ukiwa umesimama hapo hapo, ukitazama anakotazama mpita njia. Niliwahi kuandika nikiwa karakana, kikatoka kinyume, nikakifuta usiku huo huo kwa tochi.

Hatua ya 8: Makabidhiano

Kwa kila vigingi kumi tengeneza kimoja cha ziada, na uweke gharama yake kwenye bei tangu mwanzo. Waachie klabu stensili zote na namba za rangi ulizotumia. Chini ya kila kigingi, sehemu inayoingia ardhini, chonga namba ya shimo na namba ya tundu kwa chuma cha moto: 7-3, shimo la saba, tundu la tatu. Wakivitoa vyote siku ya mvua kubwa na kuvirundika stoo, dereva wa mashine atavirudisha peke yake bila kukupigia simu.