Delos ya kwenye gemu na Delos ya Wagiriki: namna ya kuzilinganisha

Delos ni kisiwa cha Ugiriki, kitakatifu kwa mungu Apollo. Unahitaji gemu ya Assassin's Creed Odyssey, ile ya 2018, na daftari lenye safu mbili: "gemu" na "kweli".

Hatua ya 1: Shika mwaka. Hadithi inaanza 431 KK, Vita vya Peloponnesos, kati ya Athene na Sparta, vinapolipuka. Uandike mwaka huo juu kabisa, maana wengi huteleza hapa. Magofu mengi anayopiga picha mtalii wa leo, zikiwemo nyumba zenye sakafu za nakshi, ni ya baada ya 166 KK, Waroma walipoifanya Delos bandari isiyotoza ushuru. Usimlaumu mtengeneza gemu kwa nyumba ambayo ilikuwa haijajengwa.

Hatua ya 2: Watafute simba. Tia nanga, mrushe tai wako Ikaros, kagua eneo la hekalu. Simba wa marumaru walitolewa na watu wa kisiwa cha Naxos kumtukuza Apollo, karibu 600 KK, kwa hiyo wana haki ya kuwepo. Washa kamera ya gemu, simama ubavuni mwa mmoja, kisha geukia mashariki wanakotazama. Huko ndiko kulikuwa na Ziwa Takatifu. Ukienda leo utakuta shimo kavu na mtende: lilikaushwa miaka ya 1920 kwa sababu ya malaria. Hata simba walioko nje ni nakala. Wenyewe wamehamishiwa ndani ya makumbusho.

Hatua ya 3: Ulizia hazina. Muungano ulioongozwa na Athene uliweka fedha zake Delos tangu 478 KK hivi, lakini 454 KK zikahamishiwa Athene. Podarkes, mtawala unayepambana naye, ni wa kubuni. Mkono wa Athene juu ya kisiwa haukuwa wa kubuni.

Hatua ya 4: Hesabu maiti. Hii ndiyo naipenda. Thukydides, mwanahistoria wa zama hizo, anasimulia kwamba majira ya baridi ya 426/425 KK Waathene walifukua makaburi yote ya Delos, wakapiga marufuku kufa na kuzaa kisiwani. Mahututi na wajawazito walivushwa hadi Rheneia, kisiwa kilicho karibu kiasi kwamba Polykrates, mtawala wa kisiwa cha Samos, aliwahi kukiunganisha na Delos kwa mnyororo. Mimi jioni moja niliangusha askari kumi na mmoja palepale, na hakuna kuhani aliyenifokea. Hilo liandike safu ya "gemu".