Kutengeneza kava la gemu la kubuni kwa picha za midoli

Wakuu, swali la "umetumia programu gani?" limenichosha. Ni GIMP, ya bure, ya kuhariri picha. Kava bovu halisababishwi na programu, linasababishwa na picha. Vipimo hapa ni vya kasha la gemu la PS2 (PlayStation 2), sawa na la DVD.

1. Fungua ukurasa wa milimita 279 kwa 189, dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). Kava lenyewe ni 273 kwa 183. Milimita 3 za kila upande ni za kukatwa.

2. Gawa: nyuma ya kasha iwe kushoto, mgongo wa milimita 14 katikati, mbele kulia.

3. Simamisha mdoli. Akiyumba, bandika plastisini chini ya nyayo.

4. Piga picha. Hapa ndipo wengi mnapoharibu. Mnasogeza simu hadi sentimita 10, uso unatoka safi, miguu na mkono wa nyuma ukungu mtupu. Ukungu wa namna hiyo macho yamezoea kuuona kwenye vitu vidogo, kwa hiyo jitu lako la kubomoa maghorofa linabaki mdoli. Rudi nyuma nusu mita hivi, tumia lenzi ya 2x kama ipo, au piga kawaida kisha upunguze kingo. Zima hali ya potreti, ile inayotia ukungu nyuma. Shusha simu hadi usawa wa magoti yake; ukipiga kutoka juu umepiga mdoli mezani, basi. Taa moja pembeni, manila nyeupe upande wa pili irudishe mwanga.

ONYO: flashi ya simu marufuku. Plastiki inameta, paji la uso linageuka doa jeupe na rangi ya pale hairudi tena. Onyo la pili: mandhari ya nyuma ichaguliwe kwa kufuata mwanga wa mdoli. Yeye kaangazwa kushoto, jua linazama kulia? Hata asiyejua picha atashtuka.

5. Mtoe mdoli kwenye picha kwa maski ya leya (inaficha sehemu ya leya, yaani tabaka la picha, bila kuifuta), si kifutio. Lainisha ukingo pikseli 1 au 2. Chora kivuli chini ya nyayo kwenye leya ya peke yake, la sivyo ataelea.

6. Jina la gemu lisipite usoni. Maandishi ya mgongo yasomeke kutoka juu kwenda chini.

7. Printi kwenye A4 ya glosi, gramu 130 hadi 150. Mwambie wa steshenari aprinti kwa asilimia 100. Kompyuta ikiachiwa ijaze ukurasa yenyewe, vipimo vyote vinahama. Pima mgongo kwa rula kabla ya kushika wembe.

MASWALI

Chogo: Mkuu, programu gani hiyo?
— Soma mstari wa kwanza.

Mama Gemu: Kwenye skrini inapendeza, kwenye karatasi giza. Printa mbovu?
— Hapana dada. Skrini inatoa mwanga wake, karatasi inategemea wa chumbani. Pandisha vivuli kidogo, kisha printi kipande cha uso tu uone kabla ya kulipia kava zima. Bluu kali na kijani cha kung'aa vitafifia hata hivyo, wino hauvifikii.

Fundi K: Nina karatasi ya gramu 250, si ndiyo imara zaidi?
— Imara mno. Wino unapasuka kwenye mikunjo ya mgongo.

Chogo: Mimi napiga karibu na zinatoka poa tu.
— Weka picha hapa tuione miguu.

Zuhura_PS2: Nataka lifanane na gemu la Uingereza la 2001. Niweke alama ya umri ya PEGI?
— Swali zuri. PEGI ilianza 2003, kwa hiyo hapo itakuumbua. Kabla yake Uingereza walitumia alama za ELSPA, chama cha wachapishaji wa gemu wa huko. Ila kama utauza, buni alama zako. Hizo zina wenyewe.

Fundi K: Na ardhi? Mchanga wangu unaonekana kama mawe.
— Chekecha kwa chujio la chai, tumia vumbi linalopita.

Zuhura_PS2: Mvua je, ninyunyizie maji?
— Tone la maji halipungui ukubwa kwa ajili ya mdoli, litakuwa kubwa kama kichwa chake. Mvua chora kwenye GIMP. Maji yapake kwa brashi mabegani tu, yamete.